Kujikalia Ndani na Kuwekwa Ndani

Mwaka 2019 niliombwa kutafsiri kijitabu kilichokusudiwa wazazi wa watoto wenye usonji. Kurasa zake hazikuzidi 30, nami nikaikadiria kazi hiyo kuwa ya siku nne. Ikala wiki tatu, na katika hizo, wiki mbili zilimezwa na maneno mawili tu. Wazungu wameyaunda kwa Kilatini: moja ni la mtu aliyegeukia ndani, na la pili ni la mtu aliyegeukia nje. Mwandishi wa kijitabu aliyatumia kwa wepesi, kama mtu anayetaja chumvi na sukari. Mimi nilipoyatafutia makao katika Kiswahili, kila mlango niliobisha ulifunguliwa na mtu mwingine.

Nilijaribu mkimya. Lakini mkimya ni mtu asiyesema, na wako wasemaji wakubwa ambao wakirudi nyumbani hujifungia, kama walivyo wakimya wasiokosa harusi hata moja. Nikajaribu mwenye haya. Mwenye haya hana raha mbele ya watu, ilhali aliyegeukia ndani huenda asiwe na haya hata chembe. Watu humchosha tu, kama jua la adhuhuri. Mpweke je? Mpweke ni aliyekosa wenzake, na kukosa si sawa na kutotaka. Upande wa pili tuna mchangamfu, mcheshi, mtu wa watu, na yote hayo ni majina ya sifa. Hapo ndipo nilipoona kwamba tumezoea kuitaja tabia hii pamoja na hukumu yake. Apendaye watu tunamsifu. Apendaye kukaa peke yake tunamwonea huruma, au tunamshuku. Mtu ni watu, husema wahenga, na kauli hiyo ni njema. Ila haisemi ni watu wangapi, wala kwa saa ngapi.

Naanza na lugha kwa kuwa sikusoma chuo chochote, na elimu yangu yote imetoka katika kamusi na vitabu vya kuazima. Jambo likinitatiza, huanza kulipekua katika maneno. Lakini safari ile maneno yalikuwa na watoto nyuma yake, na watoto wenyewe ni wa kwetu.

Mama yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, na ingawa makazi yangu ni Unguja tangu ujana, nyumba ya mjomba wangu ingaliko katika vijiji vya njia ya Maneromango, kwenye mihogo na mikorosho. Dada yangu mdogo ameolewa Kibaha, karibu na Maili Moja, ambako Barabara ya Morogoro haijui usiku. Dada huyu ana binti ambaye sasa anakaribia utu uzima. Binamu yangu wa Kisarawe, binti wa mjomba, ana mtoto wa kiume aliyemzidi huyo binti miaka miwili. Wote wawili wana usonji, na wote wawili huniita Mjomba. Baada ya hapo, hawafanani tena.

Binti wa Kibaha hawezi kumwona mtu akampita bila kumsalimu. Shikamoo yake huanza mbali. Mtu akiiitikia, huulizwa ametokea wapi, amepanda basi gani, limeondoka saa ngapi, na limesimama wapi njiani. Akijibiwa, hufurahi hata mikono yake ikapepea. Baada ya mwezi akimwona mtu yuleyule, humsimulia safari yake yote, na huwa hakusahau hata kituo kimoja. Hajui mazungumzo yanapokwisha. Mtu huanza kuondoka naye angali akiuliza. Jioni hurudi ndani, akajifunika kanga gubigubi, akaziba masikio kwa viganja, akalia nusu saa, kwa kuwa kelele alizozifuata mwenyewe zimemuumiza. Alfajiri ya pili yuko mlangoni, anauliza kama watu wameamka.

Kijana wa Kisarawe hukaa chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba. Msimu ukifika huzipanga korosho kwa ukubwa, safu baada ya safu, na kuku wakizivuruga huanza upya bila kinyongo. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu kwa vidole. Ngoma ikilia kijijini, hukimbilia shambani. Lakini bibi yake anapokaa alasiri kusuka ukili, kijana huzihamisha korosho zake, akaketi hatua tatu kutoka kwake, hazipungui wala hazizidi. Bibi alipolazwa hospitali wiki nzima, yeye aliketi vilevile, hatua tatu kutoka kwenye mkeka mtupu, na hakula chakula cha kushiba mpaka bibi aliporudi.

Wote wawili walionwa vibaya, kila mmoja kwa namna yake. Mtaalamu mmoja alimwambia dada yangu kwamba mtoto asalimuye watu hivi hawezi kuwa na usonji. Huyu amedekezwa, achapwe kidogo. Ikapita miaka minne kabla ya mwingine kumtazama kwa makini. Kijana, kinyume chake, alitambuliwa mapema. "Huyu ndiye hasa," walisema, na baada ya kusema hivyo hawakumtazama tena. Kwa kuwa hakusema, walidhani hapendi. Na kwa kuwa walidhani hapendi, hakuna aliyeziona zile hatua tatu.

Nilipoendelea kupekua, niligundua kwamba mkanganyiko huu una asili, na asili yenyewe ni nyumba moja. Katika hospitali ya Burghölzli, mjini Zürich, Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, mganga mkuu alikuwa Eugen Bleuler. Na miongoni mwa wasaidizi wake, kuanzia 1900 hadi 1909, alikuwamo Carl Jung. Bleuler ndiye aliyelitunga jina ambalo sisi tumelipa Kiswahili chake kwa neno usonji. Alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi yenyewe, akalitumia katika kitabu chake cha 1911 juu ya skizofrenia, akikusudia hali ya mgonjwa kuipa dunia kisogo na kuishi ndani ya nafsi yake. Jung ndiye aliyeyaeneza yale maneno mawili yaliyonisumbua, hasa kwa kitabu chake cha 1921 juu ya aina za nafsi. Maneno yaliyolelewa chini ya paa moja hufanana sura, na wapita njia huyadhani kuwa ni pacha.

Kisha mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya nafsi mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, akaliazima jina la Bleuler kuwaelezea. Alijua kwamba hao hawakuwa watu walioijua dunia kisha wakaiacha. Waliizaliwa hali hiyo. Lakini jina lilikwisha kubeba harufu ya nyumba lilikotoka, na kwa miaka mingi watu waliposikia usonji waliona mtoto wa pembeni, aliyegeukia ukuta.

Aliyeirekebisha picha hiyo alikuwa na sababu ya nyumbani. Lorna Wing, daktari wa Uingereza, alikuwa mwenyewe mama wa binti mwenye usonji. Mwaka 1979, yeye na Judith Gould walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa Camberwell, London. Waliona makundi matatu. Lipo kundi la wanaojitenga, ambao watu kwao ni kama samani. Lipo kundi la watulivu, ambao hawamwendei mtu lakini wakiendewa hawakatai. Na lipo kundi la tatu, la wale wanaowaendea watu kwa hamu kubwa, ila kwa njia zao wenyewe: huuliza maswali yaleyale, husimama karibu mno, hueleza wanachokipenda pasipo kuona kwamba msikilizaji amechoka. Walisema pia kwamba mtoto aweza kuhama kundi moja akaingia jingine kadiri anavyokua. Nilipolisoma kundi la tatu, nilimwona mpwa wangu akivuka barabara.

Basi, ndugu msomaji, haya ni mambo mawili na si moja. Usonji wahusu namna mtu anavyoipokea dunia na namna anavyosemezana nayo: sauti inavyomfikia, sura ya mwenzake inavyomwambia au isivyomwambia jambo, mpango unavyomtuliza na badiliko linavyomtikisa. Kugeukia ndani au nje kwahusu kiasi cha watu ambacho nafsi yake inakihitaji ili ishibe. Mtu aweza kuwa na njaa kubwa ya watu ilhali hajui kula nao sahani moja. Mwingine aweza kushiba kwa bibi mmoja aliye hatua tatu mbali naye.

Katika tafsiri yangu niliyaacha majina, nikaandika sentensi: anayepata nguvu akiwa peke yake, anayepata nguvu akiwa na watu. Ni ndefu, na mhariri alinung'unika, lakini hazimhukumu mtu. Nami nikajifariji kwa kukumbuka kwamba tuna neno mwandani, ambalo katika sikio langu lina ndani tumboni mwake, nalo ni jina la rafiki wa karibu kuliko wote.

Naam, kwetu kukaa ndani si jambo geni. Wazaramo walikuwa na elimu yake. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akaitwa mwali. Alikaa miezi, na zama za mabibi hata miaka, haonekani na watu, akifundwa na wakubwa wa kike. Na pamoja naye alikuwapo mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili pasipo mikono wala miguu. Siku yake ikifika, alitolewa nje kwa ngoma na vigelegele, akaonekana upya. Siusifu uwali wote, maana uliwakatiza wengi masomo na kuwaoza mapema. Lakini ulijua jambo moja: kwamba kukaa ndani kuwe na sababu, kuwe na muda, kuwe na mtu wa kukuangalia, na kuwe na siku ya kutoka.

Mtoto mwenye ulemavu anayefichwa ndani hana hata moja kati ya hayo manne. Hakuna anayemhesabia siku. Ndiyo maana nalitofautisha tendo kwa vitenzi vyake: kuna kuwekwa ndani, kuna kufichwa ndani, na kuna kujikalia ndani. Kijana wa Kisarawe anajikalia. Mlango wake u wazi, na ufunguo anao yeye. Angefichwa, hata mwili wake ungekuwa palepale chini ya mkorosho, jambo lingekuwa jingine kabisa.

Tofauti hiyo ilitulazimu kuamua. Agosti 2024 niliitwa Kisarawe kwenye kikao cha ukoo. Kwa Wazaramo mjomba haitwi kwa ajili ya chai. Huitwa kwa sababu neno lake litapimwa. Mambo yalikuwa mawili. Dada yangu alitaka kumtoa binti yake Kibaha, amlete kijijini akae na bibi, kwa kuwa amesikia kwamba watoto wa usonji wahitaji utulivu. Baba yake kijana naye alitaka kumpeleka mwanawe Kibaha, akae bweni, kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu, ili asome na, kwa kauli yake, achangamke. Walikuwa wamekwisha kukubaliana nusu. Ilionekana ni bahati njema: kila nyumba ingeipunguzia nyingine mzigo.

Hofu ya dada yangu ilikuwa ya kweli. Mwezi mmoja nyuma, binti alipanda bajaji ya mtu asiyemjua, kwa sababu yule mtu alimwambia, "Twende." Kwake neno hilo halina upande wa nyuma. Alionwa Picha ya Ndege na mwuza matunda, ambaye aliisimamisha ile bajaji, akamteremsha, akamrudisha kwao kwa miguu. Dereva alikwenda zake, na mpaka leo hatujui alikusudia nini. Tangu siku ile dada yangu halali vyema. Mama aliyepatwa na hayo akisema anataka kijiji chenye watu wachache, nani atamwambia anakosea?

Nilimwuliza jambo moja: mwuza matunda alimjuaje binti? Akajibu kwamba alikuwa ameulizwa naye mara nyingi habari za safari zake za kuleta maembe kutoka Mlandizi. Nikasema: basi kilichomwokoa ni zile salamu. Zinamfikisha kwa mwovu, ni kweli. Na pia zimemzungushia watu mia wanaomjua kwa jina. Tukimwondolea watu, tunamwondolea hatari pamoja na walinzi wake. Dada yangu akanitazama akasema, "Na siku ambayo mwuza matunda hayupo, kaka?" Sikuwa na jibu la swali hilo, na sina hadi sasa. Nilichokuwa nacho ni swali la pili: kijijini, ambako atapita mtu mmoja kwa saa, njaa yake ya watu itakwenda wapi? Haitakufa. Itamfanya amfuate huyo mmoja, awaye yote.

Wakati sisi tunabishana barazani, watoto walikuwa nyuma ya nyumba. Nilikwenda kunawa mikono nikawaona. Binti alikuwa akiongea bila kupumzika. Habari zake za siku zile zilikuwa ni treni mpya ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni mwaka uleule. Kijana alikuwa hatua tatu mbali naye, amempa ubavu, akichagua korosho za msimu uliopita. Binti alitaja vituo tena na tena: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Mara moja, sijui kwa kusahau au kwa makusudi, alisema Pugu kisha Ruvu. Kijana hakuinua uso. Akasema, "Soga." Binti akapiga kofi la furaha, wakaendelea. Hawakuwa wametazamana hata mara moja, na walikaa hivyo saa mbili bila mmoja wao kulia wala kukimbia.

Nilikumbuka hapo niliyoyasoma. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao ni tatizo la pande mbili: sisi nasi hatuwasomi wao. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio linalofanana na michezo yetu ya utotoni, ya kupokezana hadithi mdomo kwa sikio kutoka mtu hadi mtu. Safu ya wenye usonji watupu iliifikisha hadithi sawasawa na safu ya wasio na usonji. Safu iliyochanganywa ndiyo iliyopoteza zaidi. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba wale wawili nyuma ya nyumba hawakuwa na upungufu wa mazungumzo. Walikuwa na mazungumzo ambayo sisi wa barazani hatukuwa na sikio lake.

Niliporudi niliomba kitu kimoja tu, kwamba wenyewe waulizwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unataja haki ya mtu kuchagua atakapoishi na atakayeishi naye. Na mwaka 2010 nchi ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sikuitaja mikataba kikaoni, maana wazee hawapendi kusomewa. Nilisema tu kwamba ng'ombe ndiye asiyeulizwa anakopelekwa. Binti akaitwa. Aliposikia atakaa kijijini, aliuliza, "Mabasi mangapi yanapita?" Akaambiwa mawili kwa siku. Akangoja kidogo, kisha akauliza, "Na mengine?" Kijana naye aliulizwa kama anataka kwenda Kibaha. Alijibu neno moja: "Bibi."

Hivyo binti akabaki Kibaha. Wifi ya dada yangu ana kibanda cha kuuza vitafunwa Maili Moja, na binti hukaa hapo saa tatu kwa siku, kwenye kiti chake, awasalimu wapitao wote atakao, ila haondoki kwenye kivuli cha kibanda mpaka afuatwe na mmoja wa watu watano ambao ameyakariri majina yao. Namba ya simu ya mama yake imeshonwa kwenye pindo la nguo zake zote. Nyumbani amewekewa pazia zito kwenye kona, na jioni hujikalia humo. Sasa hulia mara chache.

Kijana akabaki Kisarawe, katika shule ya kijiji, karibu na mlango, kwa ruhusa ya kutoka ngoma na bendi zinapoanza. Uamuzi huu una bei yake, na baba yake hakuificha. "Mnamnyima mwalimu aliyesomea kazi hii," alisema, "kwa ajili ya kivuli cha mkorosho." Ni kweli kwamba mwalimu wa kijiji hana mafunzo hayo, na kwamba mtoto hapaswi kuchagua baina ya elimu na bibi yake. Kosa si la baba wala la mtoto. Ni la umbali uliopo kati ya vitengo vichache na vijiji vingi. Tumekubaliana kwamba kila Januari jambo hili litafunguliwa upya, naye ataulizwa upya.

Kuhusu mbele, huwa namfikiria Donald Triplett, wa kwanza kabisa kati ya wale 11 wa Kanner. Aliishi katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa na desturi ya kuwapa watu namba, kila mtu namba yake, naye hakuzisahau. Wenyeji wa mji waliona fahari kuwa na namba ya Donald. Mji ule haukumponya wala haukumbadilisha. Ulimzoea, na yeye akauzoea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukisimama kwenye kituo cha mabasi asubuhi, hukosi kuwa umepitwa na mmoja wao: labda yule aliyekuuliza basi lako limeondoka saa ngapi, labda yule aliyekaa nyuma kabisa, uso dirishani. Wa kwanza mjibu, na ukitaka kuondoka mwambie wazi kwamba unaondoka, maana hataliona hilo usoni mwako. Wa pili usimchangamshe. Kaa ulipo, na ukiona amesogeza begi lake hata kidogo ili upate nafasi, ujue umekaribishwa.